Likoni, Agosti 1997: Nani Aliyechagua Siku?

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la watu wanaokadiriwa kufika mia moja lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. Wengi walishika mapanga, pinde na rungu, wachache bunduki. Waliua askari, wakawafungulia mahabusu, wakavunja ghala la silaha na kutoka na makumi ya bunduki pamoja na risasi zake. Kutoka hapo wakaingia mitaani. Vibanda vya biashara vikatiwa moto, nyumba zikavamiwa, na aliyetafutwa alikuwa mtu wa bara: Mluo, Mluhya, Mkamba, Mkikuyu. Vikaratasi vilisambazwa kuwaambia wabara wafunge virago warudi kwao.

Haikuishia usiku ule. Kwa majuma kadhaa mashambulizi yaliendelea Likoni na kushuka kusini hadi Ukunda na Diani, huku maelfu wakijibanza kwenye uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni, ambalo nalo likaja kuvamiwa. Shirika la Human Rights Watch, lililochapisha uchunguzi wake mwaka 2002, lilihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 100 na waliohama makwao kufika 100,000. Waliotenda walikuwa wamekusanyika na kula kiapo msituni, Kaya Bombo, na ndiyo maana wengi nchini wanakikumbuka kisa hiki kwa jina la kaya hiyo. (Kaya kwa Mmijikenda ni mahali pa wazee, maombi na makaburi. Wakenya wengi wa bara walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari ya mauaji, na kwangu hilo peke yake ni hasara.)

Ukiketi barazani Mombasa ukauliza kwa nini, utajibiwa moja kati ya mambo matatu. Kwamba Wadigo, Wamijikenda wenyeji wa Likoni na Kwale, walikuwa maskini na walikuwa wamechoka. Kwamba ni ukabila, wapwani hawawataki wabara. Au kwamba ilikuwa siasa tupu, vijana walilipwa. Kila jibu lina watu wake, na kila moja lina ukweli. Tatizo ni kwamba huwa yanashindanishwa, kana kwamba ukithibitisha moja umeyafuta mengine. Mimi naona yanajibu maswali matatu tofauti: nani alikuwa tayari kuandikishwa, nani alipigwa, na kwa nini ikawa Agosti 1997 na si mwaka mwingine wowote. Tukiyatenganisha, kisa kinasomeka.

Nianze na umaskini, kwa sababu pwani umaskini una karatasi zake.

Mwaka 1895 Uingereza ilichukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi wa pwani, uliobaki kwa jina kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikapitishwa sheria ya hatimiliki iliyomtaka kila mwenye dai la ardhi ndani ya ukanda ule ajitokeze na kulithibitisha. Dai la mtu mmoja mwenye ushahidi lilisikilizwa. Ardhi ya ukoo, inayolimwa kwa zamu na kurithiwa kwa desturi, haikuwa na pa kuandikwa. Waliotoka na hati wengi wao walikuwa wenye asili ya Kiarabu, Waswahili wenye uwezo, Wahindi na Wazungu. Isiyodaiwa ikawa mali ya Taji la Uingereza, na baada ya 1963 ikawa mali ya Serikali ya Kenya, ambayo nayo iliigawa kwa wenye majina na wenye simu ya kupiga. Mdigo aliyekuwa akilima palepale alipozikwa babu yake akaamka siku moja akiitwa skwota, mkaaji asiye na hati.

Kwa hiyo anayeuliza uhusiano wa mbari na umaskini hapa Mombasa hahitaji kubahatisha. Dola ya kikoloni iliwapanga watu kwa asili, ikawatoza kodi kwa asili, ikawapa au kuwanyima sauti mahakamani kwa asili. Umaskini ukafuata mstari huohuo. Watu walipokuja kusema "sisi wenyeji tumenyang'anywa", hawakuwa wakiota.

Lakini angalia sasa ni nani aliyechomewa. Mwenye hatimiliki ya shamba la ekari mia kadhaa hakuwa akilala Likoni. Alikuwa kisiwani Mombasa, Nairobi au ng'ambo. Aliyekuwepo ni mama wa kuuza samaki, fundi cherehani, muuza mitumba, kibarua wa bandari, mpishi wa hoteli, karani wa daraja la chini. Amepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, choo cha pamoja uani, na mwenye nyumba mara nyingi ni Mdigo, ambaye naye pengine amejenga juu ya ardhi ya mtu mwingine na humlipa kodi ya kiwanja. Nyumba bila ardhi, mpango ambao Mombasa tumeuzoea mpaka hatuoni tena maajabu yake. Miaka mitatu kabla, tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka asubuhi na kuua watu 272. Wengi walikuwa watu wa miguu wakienda kutafuta riziki upande wa kisiwani. Hao ndio watu wa Likoni tunaowazungumzia: anayelipa kodi na anayepokea kodi wote wanapanga foleni ya feri moja.

Dhuluma, basi, ilitoka kwa mwenye hati, na panga likamshukia mpangaji. Hapo ndipo maelezo ya umaskini yanapokwama. Umaskini unaweza kueleza kwa nini kijana ana hasira. Hauelezi kwa nini hasira ile imruke aliyemdhulumu ikamwangukie mwenye kibanda cha mboga. Hauelezi pia kwa nini Likoni na si Ganze. Ganze, kaunti ya Kilifi, kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa majimbo maskini kabisa nchini, kukiwa na ukame, njaa na ardhi isiyo na hati vilevile. Haikuwaka. Kama ufukara ungetosha kuleta mauaji, Ganze ingekuwa majivu kabla ya Likoni kuona moshi.

Kabila nalo?

Kuna jambo ambalo sikuwahi kuona mtu wa "ni ukabila tu" akilijibu vizuri. Wabara walianza kuja Mombasa tangu enzi za reli na bandari. Likoni waliishi pamoja na Wadigo miongo na miongo, wakioleana hapa na pale, wakikopeshana chumvi, watoto wakisoma darasa moja. Palikuwa na maneno, ndiyo. Mdigo alilalamika kwamba ajira za bandari na hoteli zinakwenda kwa watu wa meneja, na meneja si wa hapa. Kijana Mwislamu wa pwani alilalamika kwamba kupata kipande, yaani kitambulisho, kwake ni safari ya vyeti vya babu na nyanya. Mbara alilalamika kwamba akiitwa mgeni miaka thelathini baada ya kuhamia, ataacha lini kuwa mgeni? Malalamiko hayo yalikuwepo mwaka 1985, na 1990, na 1995. Kitu ambacho kimekuwepo wakati wote hakiwezi peke yake kueleza tarehe.

Na siku yenyewe ilipofika, ujirani haukufa wote. Wapo wapwani waliowaonya jirani zao wa bara waondoke mapema, na wapo waliowaficha. Kwa upande mwingine, wapo pia waliosimama pembeni, na wapo waliojitwalia vilivyoachwa. Ni mchanganyiko ule ule ungeukuta mtaa wowote wa dunia ukipatwa na jambo kama hilo.

Nilivutiwa na sadfa moja. Tarehe 15 Agosti 1997, siku mbili tu baada ya uvamizi wa Likoni, jarida la Science lilichapisha utafiti wa mwanasosholojia Robert Sampson na wenzake kuhusu vurugu katika mitaa ya Chicago. Walikuwa wamewahoji wakazi 8,782 katika mitaa 343. Kule swali limekuwa lilelile kwa vizazi: mitaa ya watu weusi ina mauaji mengi, je, ni umaskini au ni mbari? Walichokikuta ni kwamba sehemu kubwa ya uhusiano kati ya ufukara wa mtaa na vurugu ilipitia katika jambo lingine, yaani kama majirani wanaaminiana na wako tayari kuingilia mambo yakiharibika: kumkemea kijana asiyekuwa wako, kuzuia ugomvi, kudai huduma. Mtaa uliobanwa na ubaguzi na ukosefu wa kazi hupoteza uwezo huo, na vurugu hupata pa kupita. Rangi ya ngozi ya wakazi haikuwa chanzo. Hata kabla yao, watafiti Shaw na McKay walikuwa wameonyesha mwaka 1942 kwamba mitaa ile ile ya Chicago ilibaki na uhalifu mkubwa wa vijana ingawa wakazi wake walibadilika, kabila la wahamiaji likitoka na lingine kuingia.

Naukubali utafiti ule, na ninaamini unaeleza mambo mengi ya Kisauni ya leo, ng'ambo ya kaskazini ya Mombasa, nitarudi huko. Kwa Likoni ya 1997 unaeleza nusu. Chicago ilikuwa ikipima vurugu zinazochipuka ndani ya mtaa, ugomvi wa kila siku ambao jirani mwenye kauli anaweza kuuzima. Jirani gani angezuia watu mia moja waliofunzwa msituni, wenye bunduki za kituo cha polisi? Aliyetakiwa kuzuia ni dola. Tumuulize yeye.

Agosti 1997 nchi ilikuwa imechemka. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, waandamanaji waliodai mageuzi ya katiba walipigwa vibaya na polisi, wengine wakauawa. Uchaguzi mkuu ulikuwa mbele, ukaja kufanyika tarehe 29 Desemba. Kanuni ya wakati ule ilimtaka mgombea urais apate, zaidi ya kura nyingi kitaifa, angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, kwa hiyo kila mkoa ulikuwa na bei. Likoni yenyewe ilikuwa imekiponyoka chama tawala, KANU, mwaka 1992, ikamchagua mbunge wa chama cha upinzani cha FORD-Kenya, na wabara wa Mombasa walihesabiwa kuwa wapiga kura wa upinzani. Mtu hupiga kura alikojiandikisha. Mtu aliyekimbilia Kisumu au Machakos mwezi wa Agosti hatarudi Likoni Desemba kutia kidole wino.

Huu haukuwa mchezo mpya. Kati ya 1991 na 1993, kuelekea na baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Bonde la Ufa lilipitia hali iyo hiyo: wavamizi waliopangwa, vijiji vilivyochaguliwa kwa asili ya wakazi, makadirio ya watu 1,500 waliouawa na 300,000 waliohamishwa. Makabila yalikuwa mengine, dini nyingine, hali ya hewa nyingine, ardhi yenye historia nyingine. Lililofanana ni kalenda. Ukikuta ugonjwa mmoja unatokea kwa watu wasiohusiana kabisa, kila mara wakati ule ule, utachunguza walichokula pamoja kabla ya kuchunguza damu zao.

Tume iliyoongozwa na Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 na ambayo ripoti yake ilikaa kabatini hadi 2002, ilisikia ushahidi kwamba vyombo vya usalama vilikuwa na fununu za mkusanyiko wa Kaya Bombo kabla ya tarehe 13 Agosti. Fununu haikufanyiwa kazi ipasavyo. Human Rights Watch, kwa kuwahoji baadhi ya waliokuwa msituni, ilieleza namna vijana wasio na kazi walivyoandikishwa na mkono wa wanasiasa ulivyokuwa nyuma yake. Waliahidiwa ajira. Waliahidiwa ardhi. Waliahidiwa nyumba zitakazoachwa na wabara. Walipewa kiapo na hirizi za kuzuia risasi.

Tulia kwenye ahadi hizo kidogo, maana ndipo kisa kizima kilipo. Hakuna aliyeambiwa "njoo tukasaidie chama fulani kibaki madarakani". Kijana yule asingekuja, na wengi wa wale vijana hawakukipenda chama tawala. Aliambiwa kile alichokuwa akikisikia kwa babu yake tangu utotoni, kwamba ardhi hii ni yako na sasa utarudishiwa. Dai la kweli likatumika kama chambo. Na kadiri dai linavyokuwa la kweli ndivyo gharama ya kumnunua mwenye dai inavyopungua, kwa sababu nusu ya malipo anajilipa mwenyewe kwa matumaini. Ndiyo maana nakataa maelezo ya "walilipwa tu, wale ni wahuni". Mhuni wa kukodi huacha kazi pesa ikiisha. Hawa waliendelea hata baada ya kuonekana wazi kwamba waliowaahidi wamewageuka.

Ujanja mkubwa zaidi ulikuwa kumbadilisha mdaiwa. Dai lilikuwa dhidi ya wenye hati na dhidi ya serikali iliyogawa mashamba. Likaelekezwa kwa mpangaji. Kabila lilifanya kazi hiyo na hiyo tu: lilikuwa alama rahisi ya kumtambua wa kupiga, mbele ya mlango, usiku, kwa lafudhi yake.

Kisha dola ikafanya kosa lilelile kwa upande wa pili. Baada ya kulala siku za mwanzo, polisi waliamka na kuwakamata watu kwa wingi, na kipimo kikawa kuwa Mdigo, kijana, wa Likoni au wa Kwale. Wengi walipigwa wakiwa mikononi mwa polisi. Vijiji vilibaki na wazee na akina mama huku wanaume wakilala vichakani, waliohusika na wasiohusika. Mahakamani kesi nyingi zilianguka, na hakuna mwanasiasa mkubwa aliyefungwa kwa kisa kile. Mvamizi alimhukumu mtu kwa asili yake. Askari naye akatumia kipimo hicho hicho.

Hesabu ya mwisho ya uchumi ndiyo inayoumiza. Watalii walifuta safari, hoteli za kusini zikabaki na vitanda vitupu, na waliopunguzwa kazi walikuwa wapwani na wabara bila ubaguzi wowote. Vyumba vya kupanga vikakosa wapangaji. Wazee wetu wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Likoni maneno hayo yalikuwa na risiti: kodi ya mgeni ndiyo iliyokuwa karo ya mtoto wa mwenyeji. Watu wengi wanaochambua umaskini na vurugu huchora mshale mmoja, kutoka ufukara kwenda kwenye damu. Likoni mshale wa kurudi ulikuwa mnene kuliko wa kwenda. Na chama tawala, pamoja na yote, hakikupata hata kiti cha Likoni. Desemba ile kilichukuliwa na chama cha Shirikisho, kilichonadi siasa za majimbo, yaani kila eneo lijitawale, na haki za wapwani.

Nilisema nitarudi Kisauni. Kuanzia miaka ya 2010, ng'ambo ya kaskazini, Kisauni na Bamburi, kumeibuka makundi ya vijana wa mapanga, Wakali Kwanza na Wakali Wao miongoni mwao, wengine wavulana wadogo wa umri wa shule. Wanamkata mpita njia, wananyang'anya simu, wanaingia dukani wakati wa magharibi. Umaskini ni uleule, pengine umezidi. Lakini aliyekatwa anaweza kuwa Mgiriama, Mswahili, Mkamba, yeyote aliyepita uchochoro huo saa hiyo. Hapa ndipo Chicago inaposaidia: vurugu zimechipuka mahali ambapo mzee wa mtaa hathubutu tena kumkemea mtoto wa jirani, na ambapo anayepiga ripoti anaogopa jina lake litafika kwa kundi kabla halijafika kwa ofisa. Linganisha na Likoni na utaona kabila lilivyo. Penye uhaba peke yake, anaumia aliye karibu. Ili aumie wa kabila fulani, lazima awepo mtu wa kulitaja kabila hilo, kulipangia siku, na kuhakikisha askari wamechelewa.

Ndiyo maana nakereka kila nikisikia mgombea, iwe mwaka 2013, 2017 au 2022, akipanda jukwaani Mombasa kunena kuhusu "wageni" huku dai la ardhi likiwa halijafunguliwa faili. Hata wale vijana wa Kisauni huwa wanapata kazi msimu wa kampeni.

Faili moja lilifunguliwa. Pale Likoni kuna shamba la ekari 930 ambalo kila mtu hulijua kwa jina la aliyekuwa mmiliki wake, Waitiki. Vurugu za 1997 ziliposhika kasi, mwenyewe aliondolewa na watu wakaingia, wakajenga, wakazaa, wakazikana humo. Mahakama ilimpa haki mwenye hati, lakini amri ya kuwaondoa maelfu ya watu ikawa haitekelezeki. Mwishowe serikali ilikubali kulinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaanza kugawa hatimiliki kwa wakazi, kila mmoja akitakiwa kulipia shilingi 182,000 polepole. Palizuka manung'uniko: kwa nini mtu alipie ardhi anayoiita ya babu yake? Nayaelewa, ingawa bei hiyo ilikuwa ndogo kwa kiwanja cha Likoni. Mpango ule ulimhusu mwenye hati, serikali na aliyekalia ardhi, wahusika watatu halisi wa dai la 1908. Ulichukua karibu miaka ishirini, haukuhitaji mpangaji hata mmoja kufukuzwa chumbani kwake, na ulitolewa mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya uchaguzi mwingine.